Wanaokwenda Norwei wafundishwe herufi kwa lugha wanazozijua

Mama aliyezaliwa Fizi, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, na sasa yuko katika komini moja ndogo ya Norwei, anapiga simu kwa daktari kuomba siku ya kumpeleka mtoto. Sauti ya upande wa pili inamuomba ataje jina la mtoto herufi kwa herufi. Jina ni Furaha. Mama alimaliza shule ya msingi, herufi anazijua, naye anazitaja namna mwalimu wake alivyomfundisha, kwa Kifaransa. Akifika kwenye “u”, yule wa upande wa pili anaandika Y. Anamsomea jina, mama anasikia silo, anaacha Kifaransa na kusema “u” ya Kiswahili. Sasa inaandikwa O. Kompyuta haimpati mtoto wa jina hilo. Mwishowe mama anampa simu binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi, na mambo yanamalizika kwa dakika moja.

Hakuna aliyekosea hapo. Katika Kinorwei, herufi O inaitwa kwa sauti ambayo Mkongomani anaijua kuwa “u”. Herufi Y inaitwa karibu sawa na vile Mfaransa anavyotamka “u” yake. Na herufi U ina sauti yake ya pekee, ambayo haipo katika Kiswahili wala katika Kifaransa. Mama alisema vizuri, mwandishi naye aliandika vizuri, jina likapotea katikati yao.

Familia nyingi za Kivu zenye ndugu Ulaya zimesikia visa vya namna hiyo kwenye sauti za WhatsApp, na kwa kawaida vinasimuliwa kwa kicheko. Anayestahili kufikiriwa ni yule binti aliyepewa simu. Leo ni daktari wa mdogo wake. Kesho ni barua ya shule, keshokutwa ni benki, na siku moja itakuwa ugonjwa wa mama mwenyewe, ugonjwa ambao mama wa Kivu hawezi kuutaja mbele ya mtoto wake. Serikali ya Norwei imeliona jambo hilo: sheria ya ukalimani iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inazikataza ofisi za umma kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika hali chache kama za dharura. Ofisi ndiyo inayotakiwa kutafuta mkalimani. Lakini sheria haiingii jikoni, wala haipokei simu ya nyumbani. Ndani ya nyumba, anayejua kutamka ndiye anayekuwa mkubwa, na baba aliyesikilizwa na mtaa mzima kule Mboko anangoja mtoto wa miaka kumi amwambie barua inasema nini.

Ndiyo sababu alfabeti ya Kinorwei, ambayo kwa kuitazama ni jambo la watoto wa mwaka wa kwanza, inastahili kuzungumzwa na watu wazima. Na yapo mambo yanayoweza kufanyika mapema, kabla ya safari au katika wiki za kwanza za kufika, kama mafundisho yataanzia kwenye lugha ambazo watu wa Kivu tayari wanazo kinywani.

Kwa miaka mingi Norwei imepokea Wakongomani waliochaguliwa kupitia HCR katika nchi walizokimbilia, kama vile Uganda, Rwanda na Tanzania. Wakifika wanapangiwa komini ya kuishi. Chini ya sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2021, mkimbizi mwenye umri wa miaka 18 hadi 55 ana haki na pia wajibu wa kufuata programu ya kumuingiza katika maisha ya nchi, na masomo ya lugha yamo ndani. Muda wa programu una kikomo. Na anayetaka uraia, tangu Oktoba 2022, anatakiwa kuonyesha kwamba anaweza kuzungumza kwa kiwango kinachoitwa B1, ingawa wapo wanaosamehewa. Kwa maneno mengine, saa inahesabu tangu siku ya kwanza, na anayepoteza miezi sita kwa kupigana na herufi amepoteza miezi sita kweli.

Inapotea wapi miezi hiyo? Mwalimu wa kule hajui Kiswahili. Programu nyingi za simu zinazofundisha Kinorwei zinaeleza kwa Kiingereza. Basi mama anayejua Kibembe, Kiswahili na Kifaransa kidogo anafundishwa lugha ya nne kwa kupitia ya tano ambayo hana. Ni kama kumtoa mtu Uvira kumpeleka Bukavu kwa kumpitisha Kisangani.

Njia fupi ipo. Alfabeti ya Kinorwei ina herufi 29. Herufi 26 ni zilezile zinazofundishwa katika shule za Kongo, na tatu zimeongezwa mwishoni, nyuma ya Z: Æ, Ø na Å. Anayetafuta mji wa Ålesund kwenye orodha asiutafute juu pamoja na A, aende mwisho kabisa. Vokali ni tisa: a, e, i, o, u, y, æ, ø, å. Tisa zinaogopesha mtu aliyezoea tano za Kiswahili, lakini hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko inavyoonekana.

Vokali a, e na i za Kiswahili zinatosha kwa kuanzia. Å, ile yenye duara kichwani, ndiyo “o” ya Kiswahili. Zamani Wanorwei waliiandika kwa a mbili, wakaibadilisha katika matengenezo ya maandishi ya mwaka 1917, na ndiyo maana majina mengine ya ukoo hadi leo yanabeba “aa”. Neno “båt”, mashua, mtu wa Baraka au Kalemie alisome “boot”, akivuta ile o ya Kiswahili. Na O yao, hasa ikivutwa, mara nyingi ndiyo “u” ya Kiswahili: “bok”, kitabu, inatamkwa “buuk”, “sol”, jua, inatamkwa “suul”, “skole”, shule, inatamkwa “skuule”, karibu na lile neno “skuli” ambalo Waswahili wa pwani wanalitumia. Hiyo O ina nyuso mbili, sharti mtu aonywe: ikiwa fupi inarudi mara nyingi kwenye o ya Kiswahili, kama katika “kopp”, kikombe. Lakini aliyeelewa kwamba Å ni o na O ni u, hata kama atakosea huku na kule, amekwisha kuvuka mto mkubwa.

Hapo Kifaransa cha shule, ambacho wengi wanadhani walikiacha nyuma huko Kongo, kinarudi kuwa na kazi. Ø ni ile sauti ya “deux” na “feu”. Y iko karibu sana na “u” ya “lune”. Æ ni ile è ya “père”. Mkongomani aliyefika mwaka wa nne wa msingi, hata kama Kifaransa chake kilikuwa cha kujikokota, alikwisha kuzitoa sauti hizi kinywani mara elfu. Mwingereza anayejifunza Kinorwei anahangaika na y na ø, kwa sababu Kiingereza hakina sauti hizo. Mkongomani akiambiwa kwamba “brød”, mkate, inasomwa kama “brø” yenye eu ya “feu” ndani yake, na d ya mwisho haitamkwi, siku hiyohiyo anaweza kuingia dukani.

Inabaki U. Hii haina mfano kamili. Ipo kati ya “u” ya Kifaransa na “u” ya Kiswahili: midomo inabanwa, ulimi unakaa katikati ya kinywa, haurudi nyuma kama katika neno “kuku”. Anayeshindwa aanze na ya Kifaransa, hapo ataeleweka mara nyingi kuliko akitumia ya Kiswahili. Neno zuri la mazoezi ni “sykehus”, hospitali, maana yake nyumba ya wagonjwa. Lina y mwanzoni na u mwishoni, zote za kuvutwa, na ni neno ambalo kila familia italihitaji mapema au baadaye. Mtu akilisema vizuri mara mia moja akiwa anapepeta mchele, amefanya kazi ya darasa zima.

Kutaja herufi za jina ni somo la pekee, nalo ndilo linalosahauliwa. H kule inaitwa “ho”, K inaitwa “ko”, kwa o za kuvuta. J inaitwa “ye” au “yodd”. W ni “dobbelt-ve”, V mbili. Z ni “sett”. Anayetaja E kwa Kifaransa cha shule atasikika kama ametaja Ø. Majina ya Kongo yanaumia pia yakisomwa na wenyeji: Wanorwei hawana z ya kuunguruma, w wanaisoma kama v, na j wanaisoma kama y. Kwa hiyo Zawadi akiwa amekaa kwenye chumba cha kungojea anaweza kuitwa “Savadi”, na Juma akaitwa “Yuma”. Wasipoinuka, zamu inapita. Hakuna dharau ndani yake. Muuguzi anasoma namna alivyofundishwa shuleni, sawasawa na yule mama.

Katika urefu wa sauti, lugha za mama za Kivu zina kitu ambacho Kiswahili hakina. Kiswahili hakijali sana kama vokali imevutwa au imekatwa. Kinorwei kinajali sana. “Tak” yenye a ndefu ni paa la nyumba. “Takk” yenye a fupi ni asante. “Mat” ni chakula, “matt” ni mtu aliyeishiwa nguvu. “Lege” ni daktari, “legge” ni kulaza au kuweka chini. Kanuni yao kwa kawaida ni moja: nyuma ya vokali kukiwa na konsonanti moja, vokali inavutwa, kukiwa na konsonanti mbili zilezile, vokali inakatwa. (Herufi m inavunja kanuni, kwani haikubali kuandikwa mara mbili mwishoni mwa neno: “rom”, chumba, ni fupi.) Msemaji wa Kifuliiru atashangaa tu kwamba kazi imegeuzwa. Yeye amezoea kuandika vokali mara mbili kuonyesha urefu, hata katika jina la lugha yake, na Wanorwei wanaandika konsonanti mara mbili kuonyesha ufupi. Wasemaji wa Kinyarwanda na Kinyamulenge nao wanatofautisha maneno kwa urefu kila siku, ingawa hawauandiki.

Ni vilevile kuhusu toni. Vitabu vinaeleza kwa maneno mengi kwamba Kinorwei kinaimba, kwamba maneno mawili yanaweza kufanana kila kitu yakatofautiana kwa wimbo wa sauti tu. Mfano wa kila darasa ni “bønder”, wakulima, ambamo d haisikiki, na “bønner”, ambayo ni maharage na pia ni maombi. Kwa mtu aliyelelewa kwa Kibembe, Mashi, Kilega au Kinande, lugha zenye toni, hiyo si ajabu mpya. Sikio lake lilikwisha kuzoeshwa mgongoni mwa mama yake. Anachohitaji ni kuambiwa wazi kwamba hapa pia sauti inapanda na kushuka, atumie lile sikio la nyumbani na aweke kando la Kiswahili. Asipoambiwa, atajifunza Kinorwei kwa mdundo wa Kiswahili, ambao unaegemea silabi ya pili kutoka mwisho, wakati Kinorwei mara nyingi kinaegemea ya kwanza.

Mtego mkubwa kwa msomaji wa Kiswahili ni imani yake kwamba kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Hapo Kinorwei hakina uaminifu, ingawa ni afadhali kuliko Kifaransa. “Hva”, nini, ni “va”. “Det”, hiyo, ni “de”. “God”, nzuri, ni “guu”. “Og”, na, mara nyingi ni “o” tu. “Jeg”, mimi, ni “yai”, jambo linalowafurahisha watoto. “Ski” ni “shi”, kwa sababu sk mbele ya i inakuwa sh, na g mbele ya i mara nyingi inakuwa y: “gi”, kutoa, ni “yi”. Hata “norsk”, jina la lugha yenyewe, sehemu za mashariki inasikika karibu na “noshk”. Na neno la kwanza ambalo mtu angepaswa kujua kabla ya yote, “hjelp”, msaada, linatamkwa “yelp”. Anayepiga 113 kuita ambulansi akiwa anasoma herufi zote, h pamoja na j, na kuongeza i mwishoni, anapoteza sekunde ambazo hana.

Ipo pia sauti ya kj, ya “kjøtt”, nyama, na “kjøkken”, jiko. Ulimi ukae kama kwa “i”, kisha upepo upite bila sauti, mfano wa paka aliyekasirika. Isiwasumbue watu. Vijana wengi wa Norwei wenyewe siku hizi wanaisema kama sh, na wazee wao wanawalalamikia.

Lakini tirsdag na torsdag ziwasumbue. Ya kwanza ni Jumanne, siku ya pili kwa wanaohesabu kama Bukavu. Nyingine ni Alhamisi, siku ya ine. Zinasikika karibu kama “tiishda” na “tuushda”. Kwa simu mbovu tofauti ni vokali moja. Aliyepewa Jumanne akafika Alhamisi amekosa daktari, na hospitali inaweza kumtoza pesa kwa kutofika. Hapo alfabeti imetoka darasani na kuingia mfukoni.

Kuna tabia moja ya ulimi wa Kibantu ambayo inahitaji kurekebishwa kwa upole: kuongeza vokali mwishoni. Kiswahili kiliichukua “bank” kikaifanya benki, na vivyo hivyo “takk” inataka kuwa “takki”. Katika lugha nyingine ingekuwa lafudhi tu. Katika Kinorwei vokali ya mwisho ina maana yake. “Bok” ni kitabu chochote, “boka” ni kile kitabu kinachojulikana. “Hus” ni nyumba, “huset”, inayosikika “huuse”, ni ile nyumba. Anayeongeza vokali anasema kitu kingine bila kujua. Dawa yake ni kufunga mdomo mapema, na kwa hilo hakuna njia isipokuwa kurudia.

Zaidi ya hapo kuna lahaja. Wanorwei hawana matamshi rasmi ya nchi nzima, na wanaandika kwa namna mbili, bokmål na nynorsk. Mkimbizi anafundishwa “jeg” darasani, anatoka nje akiwa Trondheim au kaskazini na jirani anajiita “æ”. Magharibi atasikia “eg”. Wengine wamekata tamaa kwa hilo. Watu wa Kivu wasingepaswa kukata tamaa, kwani Kiswahili cha Bukavu si cha Goma, wala cha Lubumbashi, wala kile cha Nyarugusu walichokikuta kwa Watanzania, na bado watu wanasikilizana. Aliyepangiwa Bergen ana bahati yake: r ya kule inatoka kooni, kama ya Kifaransa.

Wapo watakaouliza kwa haki kabisa: familia inalala chini ya bashi, unga umeisha, na inaongelewa herufi za Norwei? Tena mhami wa vita aliye ndani ya Kongo haingii hata kwenye orodha ya HCR ya kupelekwa nchi ya tatu, kwa sababu hajavuka mpaka. Swali hilo ndilo linaloonyesha mahali pa kuanzia. Yule anayeumia kuliko wote katika darasa la Norwei ni mtu mzima ambaye hakuwahi kushika kalamu. Anafundishwa kusoma kwa mara ya kwanza maishani mwake katika lugha asiyoielewa. Anasoma “hus”, analitoa kinywani, na hajui kama amesoma vizuri au vibaya, kwa sababu neno halimwambii kitu. Mtu huyohuyo akisoma “nyumba” kwa Kiswahili, uso unabadilika palepale, maana ameisikia. Kusoma kunajifunzwa mara moja. Herufi zinaweza kuhamishwa kutoka lugha hadi lugha.

Basi kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa anayesubiri safari ya Norwei ni kujifunza kusoma Kiswahili, hapa, sasa. Yale masomo ya watu wazima ambayo makanisa na vikundi vya wamama vya Kivu vimekuwa vikiyafanya, kwa ubao mmoja na chaki, yanamfaa anayekwenda na yanamfaa anayebaki. Asiyesafiri kamwe atakuwa anasoma karatasi ya chanjo ya mtoto wake, jina lake kwenye orodha ya mgao, na ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe. Hakuna shirika linalopaswa kungoja orodha yoyote ili kuunga mkono kazi hiyo, na ni ajabu kwamba inapewa nguvu kidogo namna hii katika kambi ambazo watu wanakaa miaka.

Onyo moja lazima litolewe. Palipo na orodha ya safari hapakosi mtu wa kuuza nafasi. Huduma za HCR ni za bure. Anayedai dola ili kufundisha Kinorwei, akiahidi kwamba atakayejua alfabeti atasogezwa mbele, anauza uongo, hata kama herufi anazofundisha ni za kweli. Somo lenyewe halihitaji pesa nyingi. Redio ya taifa ya Norwei, NRK, inasikilizwa bure kwenye intaneti, na nusu saa ya kusikiliza bila kuelewa neno ina faida kwa sikio. Chuo kikuu cha Trondheim, NTNU, kina masomo ya bure ya kuanza ambayo yana sauti, ingawa maelezo yake ni kwa Kiingereza. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaeleza kwa Kiswahili.

Na watu hao wapo tayari. Ni wale waliofika miaka mitano au kumi iliyopita, wanaoendesha mabasi, wanaohudumia wazee, wanaofanya kazi jikoni katika miji ya Norwei, na ambao kila Jumapili wanatuma picha za theluji. Picha zinafurahisha. Lakini ndugu aliye Nakivale au Kiziba angefaidika zaidi na sauti ya dakika mbili, kwani haili mega nyingi na inaweza kurudiwa hadi betri iishe. Isemwe kwa Kiswahili, au Kibembe, au Kinyamulenge, kwa maneno ya nyumbani, na kila sauti iwe na jambo moja tu. Wazazi ndio watumiwe, watoto watajifunza shuleni kwa nguvu zao. Na wakikosea, aliyetuma asicheke.

Ya kwanza inaweza kuwa jina la mtu likitajwa herufi kwa herufi, taratibu, kama atakavyolitaja siku ya kumpigia daktari. Furaha: eff, kisha ile u ya midomo iliyobanwa, ærr, a, ho, a.